Usimamizi wa mawasiliano, mawasiliano ya umma au MBA: uzamili upi unakufaa?

Mtu anayetafuta shahada ya uzamili katika mawasiliano huanza kwa kuuliza chuo. Kipi kina jina, kipi kina ufadhili, kipi kinafunga maombi mwezi ujao. Maswali hayo yana nafasi yake, ila yakitangulia huvuruga hesabu nzima, kwa sababu kwenye tovuti ileile ya chuo kilekile utakuta shahada tatu zenye majina yanayokaribiana na mambo ndani yake yakiwa mbalimbali kabisa. Ipo ya mawasiliano ya umma. Ipo ya usimamizi wa mawasiliano. Na ipo MBA, yaani uzamili wa usimamizi wa biashara, yenye mchepuo wa masoko, ambayo wengi huiombea kwa kudhani ni njia nyingine ya kufika palepale.

Anza na kazi yenyewe. Glen Broom na David Dozier, watafiti wa Marekani, walichunguza watu wa uhusiano wa umma wanafanya nini hasa siku nzima, wakawagawa katika makundi makubwa mawili. Wa kwanza ni fundi: anaandika taarifa kwa vyombo vya habari, anapanga picha, anaandaa hotuba, anaendesha kurasa za mitandao ya kijamii. Analetewa uamuzi ukiwa umeshafanywa, kazi yake ni kuutangaza. Wa pili ni msimamizi: anatafiti wadau wanafikiri nini, anapanga mkakati na bajeti, na anaketi na viongozi kabla uamuzi haujatoka, akiwaambia utapokelewaje na nani atakasirika.

Mwaka 1985 chama cha kimataifa cha wanamawasiliano wa biashara, IABC, kilifadhili utafiti mkubwa ulioongozwa na James Grunig, uliogusa taasisi zaidi ya 300 za Marekani, Kanada na Uingereza. Swali lilikuwa nini kinatofautisha kitengo cha mawasiliano kinachofanya kazi vizuri sana na kingine cha kawaida. Uwezo wa kuandika haukuwa jibu, kwani kila kitengo kilikuwa na waandishi. Kilichotofautisha ni kama ndani ya kitengo kuna mtu mwenye ujuzi wa kutekeleza jukumu la usimamizi: utafiti, mipango, kupima matokeo.

Msimamo wangu basi ni huu, nitautetea huko chini. Uzamili wa usimamizi wa mawasiliano unalipa pale tu unapokuvusha kutoka ufundi kwenda usimamizi. Kama unataka kuandika vizuri zaidi au kupiga video bora zaidi, kozi fupi na mhariri mkali vitakusaidia haraka kuliko miaka miwili darasani. Na kama unataka kuuacha uwanja huu na kuongoza taasisi nzima, basi MBA.

Usimamizi wa mawasiliano na mawasiliano ya umma

Hizi mbili ndizo zinazochanganywa zaidi, hata na wanaoajiri.

Uzamili wa mawasiliano ya umma huyatazama mawasiliano kama jambo la kuchunguzwa katika jamii. Utasoma nadharia za vyombo vya habari, uchumi wa kisiasa wa habari, jinsia na picha za habari, sera za utangazaji, historia ya uandishi. Swali lake kuu ni "mawasiliano hufanya nini kwa jamii?" Ni swali zuri, na anayetaka kufundisha chuoni, kufanya utafiti wa sera au kuendelea hadi uzamivu hapa ndipo mahali pake. Tasnifu huwa ndefu, na msimamizi wa tasnifu ndiye nusu ya shahada.

Usimamizi wa mawasiliano huuliza swali jingine: taasisi hii, yenye pesa hizi na wadau hawa, ifanye nini Jumatatu? Masomo yake ya kawaida ni mkakati wa mawasiliano, utafiti wa hadhira, sifa ya taasisi, mawasiliano ya ndani na wafanyakazi, mawasiliano wakati wa misukosuko, sheria na maadili, upimaji wa matokeo, na mara nyingine fedha za msingi kwa wasio wahasibu.

Tofauti hiyo huonekana vizuri darasa likichukua kisa kimoja. Karibu kila kozi ya misukosuko duniani hupitia kisa cha Tylenol, dawa ya kutuliza maumivu. Mwaka 1982, katika eneo la Chicago, watu saba walikufa baada ya kumeza vidonge ambavyo mtu asiyejulikana alikuwa amevitia sumu ya sianidi. Kampuni ya Johnson & Johnson, iliyouza dawa hiyo, iliondoa sokoni chupa zipatazo milioni 31, hasara iliyozidi dola milioni 100, kisha ikarudi na vifungashio vigumu kuchezewa. Darasa la mawasiliano ya umma litauliza magazeti yaliisimuliaje hofu ile. Darasa la usimamizi litauliza nani alikuwa chumbani uamuzi wa kuondoa dawa ulipofanywa, alikuwa na taarifa gani za wateja, na ingekuwaje kama hasara ile ingepingwa na watu wa fedha. Kisha litaleta nadharia ya Timothy Coombs, mtafiti wa mawasiliano ya misukosuko, anayegawa misukosuko katika mafungu matatu: ile ambayo taasisi yenyewe ni mhanga, ile iliyotokea kwa bahati mbaya, na ile iliyoweza kuzuilika. Bidhaa kuchezewa na mtu wa nje iko fungu la kwanza, na lawama ambayo umma huitupia taasisi huwa ndogo kuliko katika fungu la tatu. Jibu lako halina budi kupanda pamoja na lawama. Kuomba radhi na kutoa fidia kubwa pale ambapo huna kosa ni gharama isiyo na sababu. Kukanusha pale ulipozembea ni kuchoma nyumba mara ya pili.

Fundi hujifunza haya kwa kuungua. Anayeyasoma kabla ya moto anaingia kikaoni akiwa na mpangilio wa mawazo, na hilo peke yake humfanya asikilizwe.

Kuna kipimo kingine nakitumia kutofautisha programu imara na ile iliyobadilishwa jina tu. Angalia inavyofundisha upimaji. Mwaka 2010 wapimaji wa mawasiliano kutoka nchi nyingi walikutana Barcelona wakakubaliana kanuni saba, na moja yake inasema wazi kwamba kuhesabu habari za magazetini kwa bei ya tangazo la ukubwa uleule hakupimi thamani ya mawasiliano. Kanuni hizo zimefanyiwa marekebisho mara kadhaa tangu hapo, msimamo huo ukabaki. Sasa, programu ambayo bado inamfundisha mwanafunzi kurundika vipande vya magazeti na kuviwekea bei ya tangazo haikuandai kwa usimamizi, hata jina lake liwe zuri vipi. Unatafuta ile inayouliza nani amebadilika: wangapi walielewa, wangapi walibadili msimamo, wangapi walichukua hatua, na umejuaje kwamba ni kwa sababu yako.

Ukiiweka kando ya MBA

Hapa ndipo uamuzi ni mgumu, na ndipo nitakaa zaidi.

MBA ina faida moja ambayo shahada nyingine zote huihusudu: haihitaji kuelezwa. Harvard ilianza kuitoa mwaka 1908. Somo la uhusiano wa umma, kwa kulinganisha, lilikuwa changa: Edward Bernays, mmoja wa waasisi wa fani hiyo, alifundisha kozi yake New York University mwaka 1923, na Boston University ikafungua shule yake ya uhusiano wa umma mwaka 1947. Kwa hiyo mjumbe wa bodi akiona MBA kwenye wasifu wako anajua takriban ulisoma nini. Akiona usimamizi wa mawasiliano, huenda akadhani ulisomea simu na minara. Si utani, watu wa fani hii huulizwa hivyo.

Faida ya pili ni lugha ya fedha. Mkurugenzi wa mawasiliano asiyeweza kusoma mizania anaomba bajeti kwa kubembeleza. Anayejua kuisoma anaomba kwa hoja: kampuni inakwenda kukopa, wakopeshaji wanaangalia sifa yetu, hivi ndivyo sifa hiyo ilivyo sasa na hivi ndivyo itakavyogharimu kuilinda. Programu nyingi za usimamizi wa mawasiliano zina somo moja tu la fedha, na baadhi hazina kabisa. Kwa maoni yangu hilo ndilo pengo lao kubwa.

Faida ya tatu ni wenzako wa darasani. Darasa la MBA lina mhandisi, mhasibu, daktari, mtu wa benki. Miaka kumi baadaye hao ndio wenye maamuzi. Darasa la mawasiliano limejaa wanamawasiliano, ambao watakuwa washindani wako kwenye nafasi zilezile. (Watakuwa pia ndio wanaokupigia simu kukuambia nafasi imetangazwa, kwa hiyo si hasara tupu.)

Lakini sasa geuza upande. Ukifungua ratiba ya MBA utakuta uhasibu, fedha, uchumi, uendeshaji, mkakati, masoko, tabia za watu kazini. Mawasiliano, yakiwepo, yamefichwa ndani ya masoko, na masoko humwona mtu kama mteja. Mfanyakazi anayetishia mgomo, jirani wa kiwanda anayelalamikia moshi, mbunge anayetaka majibu, mwandishi mwenye nyaraka zilizovuja, hakuna kati yao aliye mteja. Kazi ngumu za mawasiliano zinahusu hasa watu wasionunua kitu chochote kwako. MBA haitakufundisha kuwatafiti, wala namna ya kuzungumza nao wakati mwanasheria wa kampuni anataka unyamaze.

Halafu kuna suala la sifa za kuingia. AMBA, moja ya vyombo vinavyoithibitisha ubora wa MBA kimataifa, hudai wanafunzi wawe na uzoefu wa kazi wa angalau miaka mitatu. Kijana aliyemaliza shahada ya kwanza juzi akikubaliwa kwenye MBA bila kuulizwa chochote kuhusu kazi aliyowahi kufanya, ajiulize wenzake darasani watakuwa akina nani na watabadilishana uzoefu upi.

Historia inatoa mfano mzuri wa kile ambacho shahada yoyote kati ya hizi haiwezi kukupa. Arthur Page aliajiriwa na kampuni ya simu ya Marekani, AT&T, mwaka 1927 akiwa makamu wa rais, mmoja wa watu wa kwanza wa uhusiano wa umma kupata cheo cha juu hivyo katika kampuni kubwa. Alikuja na sharti: hakutaka kazi ya kutangaza sera zilizotungwa na wengine, alitaka awe sehemu ya kuzitunga. Hakuwa na uzamili wa mawasiliano, haukuwepo. Alikuwa mhariri wa jarida kwa miaka mingi, na alijua namna ya kudai. Unapochagua kati ya shahada hizi mbili, jiulize kipi kinakuzuia leo kudai kiti kama chake: ni kutojua fedha na biashara, au ni kutojua mawasiliano kwa kina cha kumshawishi mtu mwenye mashaka? Jibu la kwanza linakupeleka MBA. La pili linakupeleka usimamizi wa mawasiliano. Afisa mawasiliano mwenye uzoefu wa miaka kumi mara nyingi anafaidika zaidi na MBA, kwa sababu mengi ya fani yake anayajua tayari. Mhandisi au mwalimu aliyehamishiwa kitengo cha mawasiliano miaka minne iliyopita ana hali tofauti. Shirika analijua, fani haijui.

Kwa anayependa kuona mambo yakiwa yamepangwa:

| | Usimamizi wa mawasiliano | Mawasiliano ya umma | MBA |
|---|---|---|---|
| Swali lake kuu | Taasisi ifanye nini na wadau wake? | Mawasiliano hufanya nini kwa jamii? | Taasisi ipateje faida na iendeleeje? |
| Nguvu | Mkakati, misukosuko, upimaji | Nadharia, utafiti wa kina | Fedha, mtandao wa watu, jina |
| Pengo | Fedha, kujulikana kwa shahada | Vitendo vya kazini | Wadau wasio wateja |
| Njia ya uzamivu | Inawezekana ukiandika tasnifu | Rahisi zaidi | Ngumu zaidi |

Zile zilizosimama katikati

Baadhi ya vyuo viliona pengo hilo la fedha na vikalijibu. McMaster University ya Kanada ilianzisha uzamili wa usimamizi wa mawasiliano kwa kushirikiana na Syracuse University ya Marekani, ukiunganisha kitivo cha sanaa na shule ya biashara, ili mwanafunzi akutane na fedha na mkakati pamoja na mawasiliano. Umetengenezwa kwa walio kazini: sehemu kubwa ni masomo ya mbali, na vipindi vifupi vya kukutana ana kwa ana.

USC Annenberg, shule ya mawasiliano ya chuo kikuu cha USC huko California, inatoa usimamizi wa mawasiliano ukiwa umeelemea zaidi utafiti wa hadhira na mawasiliano ya masoko, darasani na kwa njia ya mtandao. Leipzig, Ujerumani, imekwenda njia nyingine: programu ya mihula minne kwa wahitimu wa shahada ya kwanza, inayofundishwa kwa Kijerumani, yenye utafiti mwingi. Ansgar Zerfass wa chuo hicho ndiye aliyeongoza tangu 2007 uchunguzi mkubwa wa hali ya fani hii barani Ulaya.

Nimezitaja tatu makusudi. Zote zina jina lilelile la shahada. Ya kwanza inamlenga mtu aliyekwisha kufanya kazi na anataka kupanda, ya pili inamfaa anayeelekea masoko na takwimu za hadhira, ya tatu inajenga mtafiti kijana. Mtu akikuambia "nimesoma usimamizi wa mawasiliano", bado hujajua amesoma nini.

Umri wako kazini

Kama hujafanya kazi kabisa, ushauri wangu ni wa kuudhi kidogo: subiri. Somo la mawasiliano ya misukosuko kwa mtu ambaye hajawahi kupigiwa simu na mwandishi saa nne usiku ni hadithi nzuri tu. Akisha kupigiwa mara mbili, kila ukurasa una maana.

Kama kusubiri hakuwezekani, ama kwa sababu ufadhili uko sasa au ajira hazipatikani, basi tafuta programu yenye mafunzo kazini ya lazima na yenye mradi kwa taasisi halisi, na epuka zile zinazojiita za wasimamizi watendaji. Hizo zimejengwa juu ya dhana kwamba darasa lina uzoefu wa kuchangia. Wewe utakuwa msikilizaji anayelipa ada kubwa.

Vyeti vya kitaaluma

Kwa ufupi: si mbadala wa shahada, lakini kwa baadhi ya watu vinatosha. Chama cha uhusiano wa umma cha Marekani kimekuwa na ithibati yake, APR, tangu 1964. Chama cha Uingereza, CIPR, kilipata hati ya kifalme mwaka 2005 na kinaweza kumpa mtu hadhi ya mtaalamu anayetambuliwa kwa hati hiyo (chartered). Upande wa IABC kuna vyeti viwili vya mtihani, CMP na SCMP, cha kwanza kwa meneja na cha pili kwa kiongozi wa ngazi ya juu.

Ukilinganisha: cheti kinathibitisha unachokijua, shahada inakupa muda wa kukijua. Mwenye miaka kumi na mitano kazini anayehitaji tu kutambuliwa, cheti kitamtosha na kitamwokolea miaka miwili. Anayetaka kuhamia nchi nyingine au kufundisha siku moja, hapana, kwa sababu ofisi za uhamiaji na vyuo husoma shahada.

Muda: hesabu ambayo matangazo hayakuonyeshi

Vyuo hupenda kuandika "mwaka mmoja" au "miaka miwili, jioni". Geuza kuwa saa. Katika mfumo wa Ulaya mwaka mzima wa masomo ni krediti 60, na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi, kuhudhuria na kujisomea pamoja. Uzamili mwingi una krediti 90 au 120. Uingereza huhesabu krediti 180 za saa kumi kumi, yaani saa 1,800. Marekani huhesabu tofauti, kwa kawaida krediti 30 hadi 36 za darasani.

Chukua hizo 1,800. Ukizisambaza miaka miwili bila mapumziko ni takriban saa 17 kila wiki. Miaka mitatu, saa 11 na ushei. Mtu mwenye kazi ya kutwa na watoto ataziona saa 17 wiki ya pili tu, na mshika mawili moja humponyoka. Ndiyo maana kwa walio kazini naona njia ya miaka mitatu ni ya busara kuliko ile ya miaka miwili inayotangazwa kwa sifa ya kasi, ilimradi ada isihesabiwe kwa mwaka.

Masomo ya mtandaoni yana faida ambayo haisemwi sana kwa fani hii: unachojifunza Jumanne unakijaribu ofisini Jumatano. Anayeacha kazi kwenda kusoma kutwa hupoteza maabara hiyo, lakini hupata kitu kingine, nafasi ya kuhama. Kama shida yako ni mwajiri uliyenaye, kusoma kutwa kutakutoa. Kama unampenda mwajiri na unataka kupanda hapohapo, kaa, soma jioni, na mradi wako uwe tatizo la ofisi yenu ambalo mkuu wako analilalamikia kila wiki.

Ufadhili nao huamua aina ya masomo kabla yako. Chevening ya serikali ya Uingereza, kwa mfano, hutaka mwombaji awe na angalau saa 2,800 za uzoefu wa kazi, hulipia masomo ya kutwa ya kati ya miezi tisa na kumi na miwili, haigusi ya mbali, na hukutaka urudi kwenu kwa miaka miwili baada ya kuhitimu. Kwa MBA huweka kikomo cha ada inayolipa. Ukiitegemea, basi nusu ya makala hii imeshajibiwa: ni kutwa, ni mwaka mmoja, na usimamizi wa mawasiliano utakuwa rahisi kulipiwa wote kuliko MBA. Programu za pamoja za Erasmus Mundus, zinazofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, nazo hukusomesha katika nchi zaidi ya moja, jambo zuri kwa asiye na familia ya kuihamisha kila muhula.

Tasnifu au mradi

Programu nyingi za usimamizi wa mawasiliano hukupa chaguo hili mwishoni, na wanafunzi huchagua mradi kwa sababu wanasikia ni mwepesi. Si mwepesi. Mradi mzuri huanza na utafiti wa wadau, ukaishia kwenye mkakati wenye bajeti na vipimo, na mteja halisi aliyekaa mezani anakuuliza kwa nini. Tofauti ni kwamba tasnifu inakuachia mlango wa uzamivu, mradi mara nyingi unaufunga au unauacha nusu wazi. Mwenye mashaka hata kidogo kuhusu kufundisha baadaye aandike tasnifu. Mwenye uhakika kwamba atabaki ofisini achukue mradi, na aupeleke kwenye usaili wa kazi, maana mkakati uliotekelezwa huonyesheka kwa namna ambayo kurasa 120 za tasnifu hazionyesheki.

Kabla hujajaza fomu

Chapisha orodha za masomo za programu mbili unazozilinganisha, uziweke pamoja mezani. Chukua kalamu, futa kila somo ambalo akili mnemba au kozi ya wiki sita ingeweza kukufundisha: kuandika taarifa, kusanifu mabango, kuendesha kurasa. Hayo ni ufundi, na ndiyo yanayoshuka bei kwa kasi. Kwenye yanayobaki tafuta mambo manne: utafiti wenye takwimu, upimaji wa matokeo, fedha, na maadili au sheria. Programu iliyobakiwa na matatu kati ya hayo inastahili kuombewa. Yenye moja, hata iwe ya chuo kikubwa, inakuuzia uandishi kwa bei ya uongozi.

Kisha mwandikie mratibu wa programu barua pepe fupi. Muulize wahitimu wa miaka miwili iliyopita wana vyeo gani sasa, na wangapi walikuwa na vyeo hivyohivyo kabla ya kuingia. Muulize nani anafundisha somo la misukosuko na kama amewahi kukaa ndani ya msukosuko wowote. Muulize pia kama utaruhusiwa kuchukua somo la fedha kutoka shule ya biashara, kwa maana vyuo vingine huruhusu bila kutangaza, na ruhusa hiyo moja inaweza kuifanya programu ya kawaida iizidi ile yenye jina.